Skafu ya Hermès: 90, 70, twilly au shali ya 140?

Ukitaka kuijua kazi ya Hermès, nyumba ya mitindo ya Paris, kwa kuivaa, anza na hariri na uiache mikoba kwanza. Kelly na Birkin hazikai rafuni zikimsubiri mteja wa kwanza kuingia, na bei yake inatosha kununua kiwanja sehemu nyingi. Skafu inapatikana, mpya kwa mtumba, na mkononi mwako unaweza kuikagua kazi yote tangu rangi hadi uzi wa mwisho.

Tatizo ni namna watu wanavyochagua. Muuzaji anaitandaza skafu juu ya meza, mteja anaupenda mchoro, analipa. Akifika nyumbani anaifunga shingoni na ule mchoro hauonekani tena. Skafu hukunjwa, hupindwa, hufungwa fundo, na kinachobaki mbele ya macho ya watu ni kona na ukingo. Ni kama kanga: pindo na mji ni nguo moja, lakini ukijifunga, si vyote vinavyokaa mbele. Kwa hiyo hapa tunaanza na ukubwa na mkunjo. Mchoro unafuata.

Nyumba yenyewe, kwa ufupi

Thierry Hermès alifungua karakana ya vifaa vya farasi jijini Paris mwaka 1837. Mwaka 1880 mwanawe, Charles-Émile, aliihamishia namba 24, rue du Faubourg Saint-Honoré, na duka lipo hapo mpaka leo. Skafu ya kwanza ilitoka mwaka 1937, miaka 100 baada ya karakana. Ilibuniwa na Robert Dumas, mkwe wa Émile Hermès (mwana wa Charles-Émile), ikaitwa Jeu des Omnibus et Dames Blanches. Ilichorwa mchezo wa mezani na mabasi ya kuvutwa na farasi.

Farasi hakuondoka tena. Brides de Gala, aliyoichora Hugo Grygkar mwaka 1957, ni hatamu mbili za sherehe zinazotazamana, na imetolewa upya mara nyingi kwa rangi na vipimo tofauti. Ukitaka skafu moja inayosema wazi nyumba hii ilitoka wapi, ni hiyo. Ila usidhani kila mchoro ni lijamu na seruji. Kermit Oliver, mchoraji wa Texas aliyekuwa mfanyakazi wa posta, aliwachorea wanyama na watu wa asili wa Marekani. Wasanii wa Ardmore, karakana ya ufinyanzi iliyoko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, walichora La Marche du Zambèze. Aliyekulia na wanyama wa mbugani kwenye vitambaa atahisi yuko nyumbani zaidi na huo kuliko na hatamu za Ulaya.

Unacholipia

Skafu moja ya sentimita 90 hutumia nyuzi za vifuko vya viwavi wa hariri wapatao 300. Kila kifuko hutoa uzi wa karibu kilomita moja na nusu, kwa hiyo kwa skafu moja ni kama kilomita 450. Hariri hutoka Brazili, na ufumaji na uchapaji hufanyika eneo la Lyon, Ufaransa. Kitambaa ni twili: ukikiweka karibu na jicho utaona vistari vya mshazari vimepangana. Vistari hivyo ndivyo vinavyoipa skafu uzito wa kushika fundo. Hariri laini ya satini huteleza ikafunguka, twili hukaa.

Rangi huchapwa kwa fremu zenye wavu mwembamba, na kila rangi ina fremu yake. Skafu yenye rangi 30 imepitiwa na fremu 30, moja baada ya nyingine, juu ya kitambaa kilichonyooshwa kwenye meza ndefu. Kabla ya hapo mchonga fremu ameutenganisha mchoro wa msanii rangi kwa rangi, kazi ya mamia ya saa. Fremu ikikaa vibaya kwa kiasi cha unywele, jani la kijani linaachana na mstari wake mweusi na ukanda mweupe unajitokeza katikati. Baada ya uchapaji kitambaa hupitishwa kwenye mvuke ili rangi ishike, kisha huoshwa, hukaushwa na kukatwa.

Halafu kuna upindo. Kaa nao kidogo, maana ndio unaotenganisha skafu hii na nyingine nyingi sokoni. Mshonaji hulowesha ncha za vidole, huviringisha ukingo wa hariri mpaka uwe kama uzi mnene, kisha hushona kwa sindano na uzi wa rangi ya ukingo, akiuficha mshono wake ndani ya mviringo. Kwa skafu ya 90 anazunguka mita 3.6. Hermès huviringisha kuelekea upande wa mbele wa mchoro. Skafu nyingi za nyumba nyingine huviringishwa kwa nyuma. Upindo ulio hai ni mnene na wa duara, ukiuzungusha kati ya kidole gumba na cha shahada unautambua hata ukiwa umefumba macho. Kushona kwake hakulingani sawasawa, kwa sababu ni mkono. Ukikuta mshono ulionyooka kama wa cherehani na ukingo bapa, iweke chini uendelee na safari.

Vipimo ubavu kwa ubavu

Kipimo kinachofaa kuangaliwa ni urefu wa kona hadi kona, maana ndio utakaofunga. Carré ni Kifaransa, yaani mraba.

| Aina | Kipimo (sm) | Kona hadi kona | Kitambaa | Upindo wa mkono |
|---|---|---|---|---|
| Carré 90 | 90 × 90 | 127 | twili ya hariri | ndiyo |
| Carré 70 | 70 × 70 | 99 | twili, au hariri iliyooshwa isiyong'aa | ndiyo |
| Twilly | 86 × 5 | utepe | twili, tabaka mbili | hapana |
| Shali 140 | 140 × 140 | 198 | kashmiri (sufu laini ya mbuzi) 70%, hariri 30% | ndiyo |

Bei hubadilika karibu kila mwaka, ila uwiano wake haubadiliki sana: twilly huuzwa chini ya nusu ya bei ya 90, na shali ya 140 hupita maradufu yake.

Carré 90: hapa ndipo kazi ilipo nzima

Hii ndiyo saizi inayochorewa kwanza. Nyingine nyingi ni mchoro uleule uliopunguzwa, kuongezwa au kukatwa. Ina uzito wa gramu 65 hivi, haichoshi shingo, na inafaa joto la pwani kuliko watu wanavyodhani, mradi isifungwe ikabana.

Piga hesabu ya shingo. Shingo yenye mzunguko wa sentimita 36, ukizungusha mara mbili, inakula 72. Fundo linakula kama 20. Katika 127 unabaki na 35, yaani ncha mbili za sentimita 17 kila moja. Zinatosha kuning'inia vizuri. Ukizungusha mara moja tu, ncha zinakuwa ndefu na unaweza kuzichomeka ndani ya shati.

Namna ya kuikunja kuwa utepe ndipo wengi wanapoharibu. Ilaze mezani, uso wa mchoro ukiangalia chini. Chukua kona mbili zinazotazamana uzikutanishe katikati. Kunja kila upande tena kuelekea katikati, kisha tena, mpaka upate utepe wenye upana wa sentimita 5 au 6. Ukianza kwa kukunja pembetatu halafu ukaviringisha, pindo zote zinarundikana upande mmoja, fundo linakuwa nene kama kitunguu na skafu inafupika. Ukifuata njia ya kwanza, sehemu ya katikati ya mchoro inakwenda kisogoni, na mbele zinakuja kona mbili zilizobaki na ukingo wake.

Ndiyo maana rangi ya ukingo ichaguliwe kwa uso wako, si kwa mchoro. Simama mbele ya kioo, shika ukingo chini ya kidevu bila kuangalia kilichochorwa, kisha badilisha rangi nyingine. Mchoro mmoja hutolewa kwa mipangilio kadhaa ya rangi msimu mmoja, kwa hiyo uliza kama ipo yenye ukingo mwingine kabla ya kuukataa. Na kama kona nne hazifanani, mwombe muuzaji akunje pembetatu mara nne, kila mara kona tofauti ikiwa mbele. Skafu moja yenye kona za rangi tofauti ni kama umenunua mbili, jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi.

Kwa ushungi wa kufungwa chini ya kidevu, 90 inatosha. Usikunje pembetatu sawasawa. Acha kona ya juu ipishane na ya chini kwa sentimita 4 hivi, pindo zisilaliane na kingo zote mbili zionekane. Kwa hijabu inayofunika kifua haitoshi, hata ukiivuta namna gani. Kwa kilemba, nywele fupi zinaingia bila shida. Misuko mirefu na minene inaizidi.

Na inateleza. Twili hushika fundo ila haishiki nywele zilizolainishwa, kwa hiyo vaa kofia ya pamba ndani. Usitumie pini. Sindano ikipita kwenye twili hukata uzi mmoja au miwili, na kila ukichoma mahali pale pale tundu linapanuka mpaka linaonekana ukiinua skafu kwenye mwanga. Sumaku za mtandio zinafanya kazi ileile bila tundu, na pete ya skafu inafaa kwa shingo.

Carré 70

Kwa hesabu ileile, 70 ni ya kuzungusha mara moja tu: 99 ukitoa 36 za shingo na 15 za fundo, unabaki na ncha za sentimita 24. Ukizungusha mara mbili zinabaki 6, na fundo litakufungukia kabla ya saa sita mchana. Inawafaa wenye shingo fupi au umbo dogo, ambao 90 huwafunika, na wanaume wanaovaa skafu ndani ya kola ya shati: haijazi. Ile ya hariri iliyooshwa ni laini na haing'ai, inakaa vizuri na jinzi na shati la pamba. Kwa aliyezoea kuvaa rasmi inaonekana imechoka. Kwa asiyependa kung'aa ndiyo bora kuliko zote hapa.

Angalia jambo moja: michoro iliyoundwa kwa 90 ikipunguzwa hadi 70, maandishi na mistari midogo hubanana. Mchoro wenye maumbo makubwa machache unahimili. Ule wenye vitu vidogo vingi uache kwenye 90.

Twilly

Ni utepe wa tabaka mbili wenye ncha za mshazari. Unapata rangi, unapata twili, lakini hupati upindo wa mkono wala mchoro kamili. Ni kipande tu cha wazo la msanii. Kama lengo lako ni kuielewa kazi ya nyumba, usianze nayo, hata kama bei inakuvuta.

Kazi zake ni mbili ambazo nyingine haziziwezi. Ya kwanza ni mpini wa mkoba. Jasho na losheni hutia ngozi weusi pale unaposhika, na weusi huo hautoki. Funga fundo dogo chini ya mpini, zungusha kwa mshazari kila mzunguko ukiulalia uliotangulia kwa sentimita moja, malizia na fundo upande wa pili. Mkoba wa mipini miwili unataka twilly mbili. Ikilowa jasho ifungue ikauke. Ukiiacha miezi, mafuta yatapenya mpaka kwenye ngozi uliyotaka kuilinda. Ya pili ni nywele: kufunga misuko au kuizungusha kwenye fundo la nywele. Hapo adui ni mafuta ya nywele na jeli. Doa la mafuta kwenye hariri, hasa rangi nyepesi, ni gumu kuliko la chai.

Shali ya 140

Kashmiri hunywa rangi tofauti na hariri tupu. Mistari inalainika, rangi zinapoa, na mchoro uleule unaonekana kama umechorwa kwa chaki. Wapo wanaoupenda zaidi hivyo. Anayetaka kuona ukali wa kila fremu atasikitika.

Urefu wa kona hadi kona, 198, unatosha kufunika kichwa, mabega na kifua, na unatosha kilemba kikubwa juu ya misuko. Haitelezi kama twili. Lakini ina joto. Mombasa, Dar au Muscat ni nguo ya ofisi yenye kiyoyozi, ndege na msikiti wenye feni kali. Nairobi ya Julai, Iringa, Lushoto, au jiji lolote la Ulaya kuanzia Oktoba, utaivaa karibu kila siku. Anayeishi pwani mwaka mzima na anataka upana wa kujistiri atafute 140 ya hariri tupu, kubwa na nyepesi, akubali kwamba itamtaka kofia ya ndani.

Kashmiri ina adui wake pia: mkufu wenye ncha, saa, zipu ya koti. Uzi ukivutika usiukate. Urudishe upande wa nyuma kwa sindano butu, taratibu.

Mpya au mtumba

Skafu hii hudumu miongo, na michoro ya zamani haipo tena madukani, kwa hiyo mtumba si njia ya kujibana tu; mara nyingi ndiyo njia pekee ya kupata mchoro unaoutaka. Hata kwenye marundo ya Gikomba au Karume hariri hutokea, na mkono unaojua upindo huitambua kabla ya jicho.

Kagua kwa mpangilio huu. Upindo kwanza, pande zote nne: uwe mnene, umeviringishwa mbele, uzi wake umefanana na ukingo. Kisha geuza nyuma. Katika uchapaji wa fremu rangi hupenya, kwa hiyo nyuma huwa karibu sawa na mbele, imefifia kidogo tu. Nyuma iliyopauka sana ni uchapaji wa juu juu. Kisha tafuta mahali rangi mbili zinapopakana, uangalie kama kuna nafasi nyeupe au zimelaliana ovyo. Mwisho soma jina: HERMÈS-PARIS huwa limo ndani ya mchoro, mara nyingi na alama ya ©, na lazima liwe safi kama sehemu nyingine za kazi. Lebo ya matunzo iliyokatwa haimaanishi chochote, wengi huikata. Boksi la rangi ya chungwa nalo si ushahidi, huuzwa peke yake mitandaoni. Kama muuzaji anakuonyesha boksi kuliko upindo, umeshapata jibu.

Kwenye ya zamani tafuta pia vijitundu vya pini kwa kuiinua kwenye mwanga, na mistari ya mikunjo iliyopauka. Mkunjo uliokaa miaka mahali pamoja huvunja nyuzi, na hakuna pasi inayoziunganisha. Doa la manukato huonekana kama duara la njano karibu na katikati, pale panapogusa shingo. Mara nyingi halitoki.

Matunzo

Manukato na losheni kwanza, subiri zikauke, skafu ya mwisho. Maji ya bomba usiyajaribu, kwani rangi nzito kama nyekundu na buluu ya giza huweza kuhamia kwenye nyeupe. Lebo inasema ipelekwe kwa dobi wa kemikali, ifuate. Pasi iwe ya moto mdogo, upande wa nyuma, juu ya kitambaa cha pamba, na isiguse upindo kabisa: piga mpaka sentimita moja kabla ya ukingo, simama.

Pwani, unyevu ndio unaomaliza hariri. Usiihifadhi kwenye mfuko wa plastiki, ukungu utaanza kwenye mikunjo. Ikunje ndani ya kitambaa cha pamba safi, weka vifuko vya kunyonya unyevu kabatini, na kila baada ya wiki chache ifungue na uikunje upya mahali pengine. Shali ya kashmiri ihifadhiwe ikiwa safi, maana nondo hupenda zaidi sufu yenye jasho na mabaki ya chakula kuliko iliyo safi.

Dobi ndiye anayeharibu skafu nyingi kuliko jua, kwa kuupiga pasi upindo. Mwambie kwa mdomo na umwandikie kwenye karatasi ya kazi: upindo usipigwe pasi. Ikirudi upindo ukiwa bapa, ining'inize bafuni wakati maji ya moto yanatiririka, kisha viringisha ukingo taratibu kati ya vidole, upande mmoja baada ya mwingine, ukiwa bado na unyevu. Hautarudi kama mpya, ila utainuka.